Dereva wa Gari la Ufagio

Easter alikuwa amefikisha miaka arobaini na tisa, na katika miaka yote aliyoendesha gari Kilifi hakuwahi kuombwa aende polepole. Watu walimtaka awahishe: maharusi waliochelewa Malindi, mgonjwa wa kukimbizwa hospitali, kwaya iliyosahau kwamba Jumapili ni leo. Kwa hiyo waandaaji wa Mbio za Pwani, mbio za baiskeli, walipompigia simu wakamwambia wanalitaka gari lake jeupe la viti kumi na vinne, na yeye mwenyewe kwenye usukani, na kwamba kazi yake itakuwa kubaki nyuma ya watu wote kutoka Mtwapa mpaka Malindi, alidhani anafanyiwa mzaha.

“Nyuma kabisa?” aliuliza.

“Nyuma kabisa, mama. Ukimpita mtu hata mmoja, umeharibu kazi.”

Yeye na mumewe Japheth walishuka pwani kutoka Vihiga miaka ishirini na mitano iliyopita, Japheth akiwa dereva wa lori la mkonge huko Vipingo. Ni Japheth aliyemfundisha kuendesha, tena kwa lori hilohilo, siku za Jumapili barabara za shambani zikiwa tupu. Miaka minne iliyopita Japheth alipatwa na kiharusi, upande wote wa kulia ukalala. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alimwambia Easter jambo lililomuudhi sana: “Akianza kutembea, usimshike. Fuata nyuma yake hatua moja. Ukimshika, hatatembea kamwe.” Basi kwa miezi minane, kila asubuhi nyumbani kwao Kibarani, Easter alimfuata mumewe kutoka mlangoni hadi kwenye lango, mikono ikimwasha kwa hamu ya kumshika. Japheth alianguka mara nyingi. Alimtukana, akamwambia moyo wake ni jiwe. Siku aliyofika langoni peke yake alisimama pale akalia, na Easter naye akalia, hatua moja nyuma yake.

Asubuhi ya mbio, Mtwapa, Easter alimkuta mzee mmoja amekwisha kukaa kiti cha mbele, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, saa ya kupimia muda imening'inia shingoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, bibi. Naitwa Habib. Nimesomesha hesabu Malindi miaka thelathini na mmoja. Leo mimi ndiye mwamuzi wa gari hili, tutakuwa majirani, inshallah.”

Nyuma ya gari palikuwa pamefungwa ufagio wa chelewa, wima kama bendera. Mzee Habib alimweleza kwamba ndiyo desturi. Gari la mwisho huitwa ufagio, kwa kuwa linakusanya walioshindwa. Mtu akipanda, Mzee Habib anaibandua namba yake mgongoni, na mbio zake zimekwisha, si za leo tu bali za siku zote tano.

“Leo hakuna mlima,” alisema. “Hii ni siku ya wenye kasi. Kilomita mia na thelathini watakwenda pamoja kama nyuki, utasinzia. Kisha mita mia mbili za mwisho watatoka wanaume sita au saba, bega kwa bega, na mmoja atashinda kwa upana wa tairi. Wewe na mimi hatutaona hata chembe.”

“Na anayechelewa?”

“Tunampa asilimia kumi ya muda wa mshindi. Mshindi akitumia saa tatu, wa mwisho ana dakika kumi na nane juu yake. Ikizidi sekunde moja, ametolewa.” Alimgeukia. “Jambo jingine, bibi. Usimpite mtu ukamkingia upepo. Akijificha nyuma ya gari hili, itanibidi niandike kuwa amedanganya. Na mimi huandika.”

Saa mbili kamili walianza. Mzee Habib alikuwa amesema kweli: kundi kubwa lilikuwa zulia la rangi linaloteleza mbele, na Easter aliona migongo tu. Vipingo wafanyakazi wa shambani walisimama kandokando wakipiga makopo. Wakavuka daraja la Kilifi. Pale Kibarani, Japheth alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya lami, na gari la ufagio lilipopita aliinua fimbo juu na kupiga kelele, “Endesha vizuri, wewe mwanamke!” Mzee Habib alitabasamu.

Walipofika Matsangoni mambo yakabadilika. Mwendeshaji mmoja alidondosha chupa ya maji. Chupa ikabingirika, na nyuma yake alikuwa anakuja Kahindi.

Easter alilijua jina hilo kabla ya kuiona sura. Redio ya mbio ilikuwa imelitaja tangu asubuhi: mwana wa Kakuyuni, mtu pekee wa maeneo haya katika timu ya kulipwa, na mbio zingepita mlangoni kwao. Lakini kazi ya Kahindi haikuwa kushinda. Kazi yake ilikuwa kumbebea maji Mwenda, mwenye kasi wa timu yao, na kumkatia upepo mpaka karibu na mwisho. Alikuwa amejaza chupa saba ndani ya fulana gurudumu lake lilipoikanyaga ile iliyoanguka. Alipaa, akatua kwa bega na paja, akaburuzika juu ya lami.

Easter alikanyaga breki. Watatu wengine walioanguka waliinuka wakaondoka. Kahindi aliinuka pia, lakini gurudumu la mbele lilikuwa limepinda kama bakuli, na gari la timu yake lilikuwa limekwisha kwenda mbele pamoja na Mwenda. Alisimama barabarani na baiskeli begani, akingoja. Zilipita dakika nne na nusu hadi pikipiki ya akiba ikamletea gurudumu. Muuguzi wa mbio alimfunga kiwiko. Paja lilikuwa limechunika, damu ikimchirizika mpaka kwenye soksi.

“Atapanda?” Easter alinong'ona.

“Hajasema,” Mzee Habib alijibu, macho kwenye saa.

Kahindi hakupanda gari. Alipanda baiskeli.

Kuanzia hapo dunia ya Easter ikawa mgongo wa mtu mmoja. Kundi lilikuwa limetoweka. Ilibaki barabara iliyonyooka, jua, na kijana wa miaka ishirini na sita anayekanyaga peke yake, fulana imechanika, upepo ukimpiga ubavuni. Nyuma ya gari polisi wa pikipiki alikuwa amezuia msururu wa malori na mabasi, na yote yalipiga honi, kana kwamba Easter ndiye aliyeifunga pwani nzima. Mguu wake wa kulia ulimwasha. Ingekuwa jambo dogo tu kumpita, amkingie upepo kidogo, mpaka Gede hivi.

“Mzee, hakuna mtu anayetuona hapa.”

“Mimi naona, bibi,” alisema Mzee Habib kwa upole. Baadaye kidogo akaongeza, “Usidhani sitamani. Nami niliwahi kuendesha baiskeli, ujana wangu.”

Walipoingia Malindi, Kahindi alikuwa nyuma ya kundi kwa dakika kumi na mbili. Bado kulikuwa na kipande cha mwisho: kuacha mji, kwenda Kakuyuni, kuzunguka, na kurudi kwa njia nyingine kumalizia karibu na bahari. Kilomita ishirini na nane. Mzee Habib alipiga hesabu kwa midomo. Kama atapoteza dakika sita zaidi, basi.

Kwenye njia panda ya Kakuyuni, Kahindi aliacha kukanyaga. Akashusha mguu mmoja chini, akainamia usukani wa baiskeli, kisha akaja kuegemea ubavu wa gari.

“Mama, fungua mlango.”

Easter alizima moyo wake uliokuwa unamwambia afungue upesi. Alishuka, akazunguka, akasimama mbele ya mlango huo.

“Ni miguu imekataa,” aliuliza, “au ni aibu?”

Kahindi alimtazama kama hakusikia vizuri. Uso wake ulikuwa umepakaa chumvi na vumbi.

“Huelewi, mama. Huko mbele ni kwetu. Mamangu ameita watu. Wamechinja. Wanangoja wanione niko mbele na wenzangu, halafu nipite hivi, nimefuatwa na ufagio? Ni afadhali niingie, nilale chini ya viti, mpite.”

“Sijakuuliza kuhusu mamako. Nimekuuliza miguu.”

Malori yalipiga honi. Mzee Habib alikuwa ameshuka naye, na mkono wake ulikuwa tayari karibu na ile namba mgongoni, ingawa haukuigusa.

“Nikiibandua hii, mwanangu, hairudi,” alisema. “Na bado una muda. Siwezi kukwambia zaidi ya hapo.”

“Miguu ipo,” Kahindi alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

“Basi sifungui,” alisema Easter. “Ukianguka tena nitakuokota mwenyewe, nikubebe mgongoni kama mtoto. Lakini kwa aibu, sina kiti.”

Alirudi kwenye usukani akijiuliza kama amefanya ukatili. Yale maneno ya Japheth, kwamba moyo wake ni jiwe, yalimjia tena. Mbele yake Kahindi alipangusa macho kwa kiwiko kilichofungwa bendeji, akapanda, akaondoka. Sekunde arobaini zilikuwa zimepotea.

Kakuyuni walikuwa bado barabarani. Kundi lilikuwa limepita robo saa nzima, nao walikuwa wamemtafuta mtu wao katika lile zulia la rangi wasimwone, na wengine wameanza kusema pengine amekufa Matsangoni. Alipojitokeza kwenye kona, peke yake, ameloa damu, watu walinyoosha shingo kwanza wamtambue. Kisha mwanamke mmoja mfupi mwenye leso mbili akaingia barabarani akikimbia. Ni Mbeyu, mamake. Hakumgusa, alikimbia tu sambamba naye, viatu mkononi, akimwita kwa jina na kumwambia kwa Kigiriama maneno ambayo Easter hakuyaelewa. Nyuma yake vigelegele vikapasuka, kayamba zikalia, wanaume wakakimbia pande zote mbili za barabara wakipiga makofi. Kwa kundi zima walikuwa wamepunga mikono tu. Kwa huyu mmoja waliipasua sauti.

Kahindi hakuinua kichwa. Lakini Easter, aliyekuwa ameutazama mgongo ule zaidi ya saa nzima, aliona ukishuka na kunyooka, na miguu ikibadilisha mwendo. Ilibidi aongeze gia.

Walipokuwa wanarudi, redio ilianza kupayuka. Kundi lilikuwa limefika ufukweni. Mita mia tano. Mwenda yuko gurudumu la tatu kutoka mbele. Mita mia mbili, wametoka wote, bega kwa bega, Mwenda anapita kulia, anapita, la, kuna mgeni mmoja ubavuni, wamefika pamoja! Mgeni ameshinda kwa upana wa tairi, Mwenda wa pili.

“Muda wa mshindi,” redio ikasema, “saa tatu na nusu dakika.”

“Dakika kumi na nane na sekunde tatu,” Mzee Habib alisema papo hapo. “Amebakiwa na kilomita kumi na moja.” Kisha akaanza kuzungusha ile saa vidoleni kama tasbihi.

Kilomita kumi na moja zile zilikuwa ndefu kuliko safari nzima. Mara mbili Kahindi aliyumba. Mara moja mguu ulimkaza, akaupiga kwa ngumi, akaendelea. Easter alijikuta anasukuma usukani mbele kwa mikono yote miwili, kana kwamba gari linaweza kusukumwa kutoka ndani.

Walipokunja kona ya kuelekea baharini, watazamaji wengi walikuwa wamekwenda kuangalia zawadi, na vijana wa kazi walikuwa wameanza kukunja vizuizi na kuutoa upepo ule mlango mkubwa wa turubai uliowekwa kwenye mstari. Mzee Habib, aliyekuwa hajapandisha sauti tangu asubuhi, alitoa kifua kizima nje ya dirisha.

“Wacheni hiyo! Wacheni! Kuna mtu njiani!”

Waliacha. Mlango ulikuwa umelegea upande mmoja, na Kahindi alipita chini yake akiwa ameinama, akaenda mita chache, akaanguka taratibu kwenye mikono ya Mwenda, ambaye alikuwa amesimama pale muda wote na chupa ya maji.

Mzee Habib aliitazama saa yake mara tatu. Kisha akauandika muda kwa kalamu, tarakimu nzurinzuri za mwalimu, akamsomea Easter: dakika kumi na saba, sekunde arobaini na sita.

Easter aliweka paji la uso juu ya usukani.

Asubuhi ya pili mbio zilianzia Malindi. Easter alikuwa anafuta kioo cha mbele Kahindi alipomjia, amefungwa bendeji mpaka shingoni, anachechemea. Alimsalimu Mzee Habib kwa shikamoo, kisha akasimama mbele ya Easter akikuna kichwa.

“Jana nilikuchukia sana, mama,” alisema. “Kama kilomita kumi hivi.”

“Kumi tu?”

Alicheka, akashika bega lililomuuma. “Leo lakini nakuomba kitu kimoja. Sitaki kukuona kabisa.”

“Basi nenda mbele huko,” Easter alimwambia. “Unasimama hapa kufanya nini?”

Siku ile watu wawili walipanda gari la ufagio, na mmoja alilala mpaka mwisho wa safari. Kahindi hakuwa mmojawapo.