Popo Waliosusa Chupa

Saa mbili kasorobo usiku, mpiga picha anazima taa ya jikoni, anatoka uani miguu mitupu na kuketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mbele yake, kwenye kamba ya kuanikia nguo, inaning'inia chupa ya maji ya sukari. Kamera imesimama kwenye miguu yake mitatu.

"Mama, usikohoe," anamnong'oneza mama mkwe wake aliyeketi mlangoni.

"Kikohozi kina saa?" bibi anajibu.

Mchana, mwanamke huyu wa miaka arobaini na mmoja hupiga picha za pasipoti katika chumba chenye pazia la buluu. Usiku hupiga za popo. Alianza miaka mitatu iliyopita, alipotundika chupa kwa ajili ya ndege akawa anaikuta tupu kila asubuhi.

"Nikawashuku watoto wa shemeji. Niliwagombeza bure, maskini, kumbe wanywaji ni popo."

Hakuna aliyemfundisha. Kila usiku huandika daftarini saa, mwanga na idadi ya popo. Kati ya picha elfu moja na mia nne, anazozikubali ni sita.

"Mteja wa pasipoti namwambia inua kidevu. Huyu nimwambie nini?"

Mwezi uliopita popo walisusa. Usiku tisa mfululizo hakuja hata mmoja. Wiki hiyohiyo alikuwa ameongeza flashi ya pili.

"Nikajua nimewapofusha," anasema taratibu. "Kwa tamaa ya picha moja nzuri, nimeharibu macho ya viumbe wasionidai kitu."

Kamera akaifungia kabatini. Chupa aliendelea kuitundika, akiisugua kila jioni hadi ing'ae, labda wangemsamehe.

Siku ya kumi, mama mkwe aliiokota chupa karoni akainusa.

"Mwanangu, umeiosha kwa sabuni gani hii?"

"Ya kuogea, mama, ile ya mawaridi. Ya vyombo iliisha wiki ileile ya flashi."

"Ukiniletea chai humu nakurudishia. Wewe unadhani popo hawana pua?"

Mpiga picha aliichemsha chupa, akaisuuza mara saba kwa maji matupu. Jioni hiyo alikaa bila kamera. Saa mbili na dakika nane popo wa kwanza alipita, akageuka, akaning'inia na kutoa ulimi.

"Nililia, sioni haya kusema. Aliikwepa kamba, akalikwepa na shati la mume wangu, akafika palepale. Mzima kabisa!"

Hata hivyo, flashi ya pili hajairudisha. "Safari hii flashi haikuwa na kosa. Sitaki kungoja iwe nalo."

Sasa anamsubiri popo jike aliyemwona mara tatu akiwa amembeba mtoto kifuani. Picha hiyo anataka kuitundika kando ya pazia la buluu, wateja waitazame wakati anawaweka sawa. Atatumia mwanga mmoja tu, hata ikichukua mwaka.

Kivuli kinakata hewa. Kitufe kinalia, mara moja. Popo anakunywa, anaondoka. Mpiga picha anashusha pumzi.

"Haya mama, kohoa sasa."

"Kimeshapita," anasema bibi.