Mkanda wa Safari ya Chumvi

Mwalimu aliyenifundisha dini pale Kitahana alikuwa amekwisha kufa miaka mingi nilipoisikia tena sauti yake. Niliisikia kazini, Dar es Salaam, mchana wa kawaida, nikiwa na kitambaa cha pamba mkononi.

Kazi yangu miaka hiyo ya tisini ilikuwa kutunza nyaraka katika maktaba ya chuo kikuu. Nilipewa chumba kimoja cha chini, chenye kiyoyozi kilichofanya kazi siku kilipopenda. Mlikuwa na makasha ya makaratasi, na kwenye rafu za ndani mlikuwa na mikanda ya sauti, ile mikubwa ya duara, iliyorekodiwa zamani na wanafunzi waliotumwa mikoani kukusanya habari za wazee. Adui za mkanda ni joto, vumbi, unyevu na mtu mwenye haraka. Kwa hiyo niliitoa mmoja mmoja, nikaipangusa, nikaifungua na kuinusa. Mkanda unaoanza kufa hunuka siki. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango nilisali kidogo. Sikuomba jambo kubwa. Nilimshukuru Mungu kwa kazi ya kukaa, maana wenzangu wengi niliosoma nao walikuwa wanalima kwenye mvua, nikamwomba mkono wangu usiharibu cha mtu.

Mkanda wa Kitahana ulinuka siki. Kadi yake, iliyoandikwa kabla sijaajiriwa, ilisema hivi: Mzee wa Kitahana, Kibondo. Safari za kufuata chumvi Uvinza. Kelele za nyumbani. Jina halikuwapo. Nikauweka kwenye mashine ili nijue kama bado una kitu. Mtu akakohoa, kisha akasema, "Sasa, mwanangu, sisi tulikuwa tunaondoka tukishavuna." Nikajikuta nimesimama, kama nilivyokuwa nikisimama alipoingia darasani na Biblia yake kwapani.

Mwaka huo nilipokwenda likizo nyumbani nilimtembelea mjane wake. Ilikuwa desturi yangu. Sikupita Kitahana bila kumwamkia. Nilimkuta uani akipukuchua maharage, nikamsimulia habari za mjini, na katikati ya habari hizo nikasema, kama mtu anayetoa habari njema ndogo, kwamba huko kazini huwa namsikia mwalimu akiongea.

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Anaongea?"

"Kwenye mkanda, mama. Yule mwanafunzi aliyekuja hapa zamani alimrekodi."

"Namkumbuka. Alikula ugali wetu akasema tumbo linamuuma." Akausogeza ungo pembeni. "Kwa hiyo wewe unamsikia. Na mimi je?"

Nikaokota harage lililodondoka chini.

"Uso wake ninao, upo kwenye picha," akasema. "Mwendo wake ninao, maana mwanangu mkubwa anatembea vilevile. Sauti imenitoka. Naitafuta usiku, siipati. Na hili sikio la kushoto limekwisha lala. Hili jingine nalo linasinzia. Usichelewe, mwanangu."

Hilo ndilo nililorudi nalo Dar es Salaam. Halikuwa zito kulibeba, ila halikunitoka.

Mkuu wa kitengo chetu alikuwa mama mmoja mwenye utaratibu, mtu wa Kilimanjaro, mwema kwa wale waliojaza fomu sawasawa. Nikamweleza. Akavua miwani.

"Kunakili tunaweza, na ni lazima tunakili kabla haujaharibika. Lakini nakala kutoka nje ya jengo hili, mpaka mwenye sauti aridhie."

"Mwenye sauti yuko kaburini, Mama."

"Basi ndugu zake. Mkuu wa ukoo aweke sahihi. Leo nikikupa wewe bila sahihi, kesho atakuja mwingine achukue, na keshokutwa tutasikia mzee wa watu anauzwa sokoni kwenye kanda."

Hakuwa na makosa. Ila nauli ya kwenda Kitahana kutafuta sahihi, kurudi, kisha kwenda tena kupeleka kanda, sikuwa nayo. Nikamwomba aniruhusu nibebe fomu na kanda kwa pamoja: wakitia sahihi, nawaachia, wakikataa, narudi nayo. Alifikiri wiki nzima. Mimi nilisali, sikumkumbusha. Mwishowe akaniita, akasema, "Chukua. Lakini ukipoteza, usirudi na wewe."

Kunakili mkanda ule kwenye kanda ndogo ya kaseti kulikuwa kwa kungoja umeme, maana ulikuwa wakati wa mgawo. Mkanda hunakiliwa kwa mwendo uleule wa maneno, huwezi kuuharakisha. Mara mbili umeme ulikatika mwalimu akiwa hajavuka mto Malagarasi, ikabidi aanze safari upya. Mara ya tatu alifika Uvinza, akapata chumvi, akarudi nayo nyumbani kichwani. Nyuma ya maneno yake palikuwa na kuku, mtwangio, na mwanamke mmoja akigomba. Nilidhani ni jirani.

Likizo iliyofuata nilipanda treni hadi Kigoma, kanda ikiwa mfukoni mwa shati, ndani ya nailoni. Kutoka Kigoma nilipata gari la kupanda Kasulu. Barabara zetu miaka ile zilikuwa zimejaa malori ya kupeleka unga na mahema kwenye kambi, kwa sababu ndugu zetu wa Burundi walikuwa wamemiminika huku, na Wakongo nao wakafuata. Tulikaa pembeni mwa barabara tukiwapisha wanaotembea, kina mama na magodoro vichwani. Nilikuwa na kanda moja mfukoni, nikaona jinsi mtu anavyoweza kuondoka kwake bila hata kipande cha sauti ya mtu wake. Niliwaombea, tukaendelea na safari.

Kasulu niliingia duka la mzee mmoja Mwislamu, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na kubaki. Yeye alimwita kila mtu mwenye Biblia mchungaji, na kumsahihisha ilikuwa kupoteza muda.

"Mchungaji, betri nyingi hivi za nini? Unataka kuhubiri hadi Kakonko?"

"Za redio kaseti. Nina kanda ya mwalimu wangu marehemu, nampelekea mjane wake."

Akaacha kufunga betri. "Marehemu anaongea?"

"Anaongea habari za chumvi."

"Ya Uvinza? Basi chagua zile za rafu ya juu, hizi za chini zimekaa sana. Mtu aliyebeba chumvi kwa miguu asije akakatika njiani."

Redio kaseti niliazima kwa binamu yangu mjini Kibondo. Asubuhi ya pili nilikuwa Kitahana.

Mkuu wa ukoo alikuwa mdogo wake marehemu, mzee wa kanisa, mtu aliyejua Biblia yake ukurasa kwa ukurasa na hakupenda kuchezewa. Tulisalimiana, "Mwakeye," tukaulizana habari za nyumba mpaka zikaisha. Nikatoa fomu, nikaeleza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mjane alikuwa nje ya mlango, amekaa juu ya mkeka, sikio la kulia limeelekea ndani.

"Mwanangu," akasema yule mzee, "wewe umesoma dini. Niambie. Mfalme Sauli alikwenda kwa nani kule Endori?"

"Kwa mwanamke mwenye pepo wa utambuzi."

"Akafanya nini?"

"Akamwinua Samweli."

"Naye Samweli akasema, mbona umenitaabisha? Sasa kaka yangu tulimzika, tukaimba, mchungaji akasema pumzika kwa amani. Wewe unakuja na betri."

Sikucheka, kwa sababu hakuwa anatania. Niliwahi kujiuliza swali hilohilo peke yangu kule chumbani chini. Nikamjibu nilivyojijibu. Sauli alitaka wafu wamwambie mambo ya kesho, na hilo Mungu amelikataza. Hapa hakuna anayeuliza kitu. Haya maneno mwalimu aliyasema akiwa hai, kwa hiari yake, mchana, akiwa amekaa kwenye kigoda chake, tena aliyasema ili yasikiwe na watakaokuja. Barua ya Paulo tunaisoma kila Jumapili na Paulo hatujamwinua.

"Barua haina sauti," akasema.

Ndipo mjane akaongea kutoka mkekani. "Shemeji, siombi anijibu. Naomba nimsikie tu."

"Na akikuita?"

"Akiniita? Aliniita maisha yangu yote, maji, kiti, kofia yake iko wapi. Nilikuwa nasema nakuja, na mara nyingi sikwenda."

Nilimwona mzee akiuma mdomo ili asitabasamu. Alikaa muda mrefu akiigeuza fomu, ingawa hakuwa na miwani ya kuisomea. Mwisho akasema ataruhusu kwa masharti yake. Isiwe ndani ya nyumba. Iwe uani, juani, mbele ya watu. Tuanze kwa sala. Na kidole chake yeye kikae kwenye kitufe cha kuzima, na akiona jambo lisilompendeza Mungu, anazima, na mimi narudi na kanda yangu Dar es Salaam.

"Sawa, mzee," nikasema. Sikuwa na uhakika kama ni sawa. Kikohozi kimoja kibaya, au mkanda ukijikunja ukatoa mlio wa ajabu, na yule mama asingemsikia tena mumewe.

Tukasali. Mzee alisali kwa kirefu, akimkumbusha Mungu kwamba yeye alikuwa amekataa. Tukaweka redio juu ya kinu kilichopinduliwa. Mjane akasogeza kigoda, akainamisha sikio la kulia mpaka kitambaa cha kichwa kikagusa spika. Mzee akaweka kidole juu ya kitufe, mkono umekakamaa kama wa mtu aliyeshika nyoka. Nikabonyeza.

Kikohozi. "Sasa, mwanangu, sisi tulikuwa tunaondoka tukishavuna."

Mjane hakulia. Alifumba macho na kutikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza hesabu na kuona imekuja sawa. Mwalimu akaeleza walivyofunga maharage na asali ya kubadilishia chumvi, walivyolala porini, walivyovushwa Malagarasi na mtu aliyewadhulumu. Mzee naye aliinamisha kichwa karibu.

"Hapo anaongopa," akanong'ona. "Asali ile ilikuwa yangu."

Kisha yule mwanamke wa nyuma akaanza kugomba. Mbuzi ameingia shambani, nani ameacha wazi, watu wamekaa wanaongea tu na maharage yanaliwa, na huyo mgeni naye hana miguu?

Mjane akafumbua macho. "Nani huyo anayefoka hivyo mbele ya mgeni?"

Mimi na mzee tukatazamana.

"Hana adabu. Nani?"

"Shemeji," mzee akasema taratibu, "Kitahana hii yupo mwingine?"

Akatuangalia mmoja mmoja. Kabla hajasema neno, mwalimu kwenye redio akacheka, kicheko kirefu, na akaita kwa sauti ya juu, "Mama! We mama! Waache hao mbuzi, mletee mgeni maji!"

"Abee!" ikaitika sauti ya yule mwanamke, angali kijana, kutoka mbali, huko kwenye kuku na mtwangio.

"Abee!" akaitika mjane hapo hapo kigodani, na magoti yake yakaanza kuinuka.

Alikaa tena. Akajifunika mdomo kwa ncha ya khanga.

"Ulisema ulikuwa huendi," mzee akamwambia.

"Sijakwenda. Nimeitika tu."

Mzee alicheka mpaka akashika ubavu, na hapo nikaona kidole hakiko tena kwenye kitufe. Hakikurudi. Mwalimu alirudi kutoka Uvinza na mzigo wake, akamaliza, kanda ikafika mwisho, mashine ikajizima yenyewe.

Mzee akaweka sahihi. Nilipokunja fomu, mjane akanizuia.

"Na yule mwanamke? Yeye nani amemwombea ruhusa?"

Nikamwambia ana haki, nikakunjua fomu. Chini ya sahihi ya mzee aliweka dole gumba lake, na kando yake nikaandika: kwa sauti yake mwenyewe.

Niliporudi kazini nilimpa mkuu wa kitengo fomu ile. Aliisoma mara mbili, akaniuliza dole gumba ni la nani, nikamweleza. Akafungua droo, akanipa kadi mpya. Niliandika majina yote mawili, la mwalimu na la mkewe. Mahali palipoandikwa kelele za nyumbani niliandika mke wake akifukuza mbuzi, kisha akiitika.

Nakala niliwaachia wao. Betri wakawa wanabadilishana kununua, mzee na shemeji yake, na redio kaseti binamu yangu hakuipata tena. Nilimlipa kidogo kidogo.

Likizo yangu ya mwisho kabla ya kustaafu niliwakuta uani pamoja. Sikio la kulia lilikuwa limelala nalo. Redio ilikuwa juu ya kinu kilekile, na yule mama ameweka kiganja juu ya spika, akiangalia mdomo wa shemeji yake. Mzee alikuwa akimpigia kelele sikioni kila hatua.

"Wamefika Malagarasi!"

Akatikisa kichwa.

"Sasa anasema habari ya asali! Anaongopa tena!"

Akatabasamu. Nilisimama pale na begi langu begani, sikutaka kuwakatisha kwa salamu. Mzee aliinua mkono, akangoja, kisha akamwinamia.

"Anakuita!"

"Abee!" akasema yule mama.