Memori Yangu Ndani ya Kompyuta Yake

Mume wangu aliniacha talaka moja, nikakaa eda mle mle ndani ya nyumba yetu ya Ikwiriri, maana ndivyo dini inavyotaka. Eda ikiwa haijaisha, mume anaweza kumrejea mkewe kwa neno tu. Mimi nililisubiri neno hilo. Sina haja ya kujifanya nilikuwa na ubavu mwingine.

Chumba cha pili kilikuwa na kompyuta yetu. Tuliikusanya kipande kwa kipande kwenye mitumba ya Dar, miaka ile biashara zilipoachiwa huria na kila takataka ya Ulaya ikawa inashushwa bandarini. Yeye alikuwa fundi redio, akitaka kutengeneza kanda za harusi. Alichagua prosesa, ule ubongo wa mashine, ya bei ya chini makusudi, akasema ataikimbiza kuliko kasi iliyoandikiwa. Aliponieleza kwamba prosesa ya namna hiyo inataka memori, kile kijibao cha kumbukumbu, inayoweza kuifuata, la sivyo mashine inaganda, nilikataa katakata zile za ovyo alizokuwa anazipigia bei. Nikanunua nzuri, kwa pesa ya ufuta wa shamba langu la Chumbi. Tulirudi na vipande mapajani tunacheka kama watoto.

Mtoto hakuja. Ndugu zake wakaanza maneno, naye akataka kuongeza mke. Nikasema uke wenza siuwezi, nikasema na mengine, mdomo wangu naujua. Ndipo talaka ikatoka.

Basi kila magharibi, jenereta ya gesti ya jirani ikiwashwa, alikaa mbele ya kompyuta, boksi la mashine wazi, feni ya mezani inaipoza. Anapandisha kasi, inaganda. Anashusha kidogo, anaanza upya. Nami nyuma ya pazia nimetega sikio. Nikajipa moyo kwamba huyu haniachi, maana nikitoka natoka na memori yangu, na bila hiyo kompyuta yake haiwaki. Mjinga wee! Nilimpikia wali wa nazi, akala, akashukuru kama anavyoshukuriwa mama ntilie.

Siku ya mwisho ya eda aliniita. Nilivaa khanga mpya. Nilimkuta amechuchumaa, kompyuta imezimwa. Aliichomoa ile memori taratibu, ameishika kingoni, akaipuliza vumbi, akaifunga kwenye leso safi.

"Chukua, bibi. Hii ni yako, sitaki nije kuulizwa mbele ya Mungu."

"Na kompyuta itawakaje?"

"Basi isiwake."

Laiti angenidhulumu! Ningekuwa na la kumdai, ningerudi pale mlangoni kugomba, ningemwona. Alinipa haki yangu yote, hakubakisha hata chembe. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaenda kufunga mizigo.