Maneno ya Baba Mkwe Wangu

Mwanangu, naikumbuka vizuri siku ile kompyuta ilipoingia nyumbani kwangu Kangundo, nikiwa bado mama wa mtoto mmoja na nikijiona mjuzi wa mashine zote. Mume wangu aliinunua ikiwa imeshatumika katika ofisi fulani ya Nairobi. Aliileta imefungwa kwa blanketi, tukaiweka kwenye meza ya sebuleni, nami nikaifunika kitambaa nilichokifuma mwenyewe, vile tulivyofunika redio.

Wakati huo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Machakos. Vidole vyangu vilijua herufi zote bila macho kutazama, na wakubwa walinisifu mpaka sifa zikanilewesha kidogo. Basi wifi yangu Nduku, mdogo wa mume wangu, aliyekuwa ametoka chuoni kusomea kompyuta, alikuja na daftari lake ili anielekeze.

"Wifi, keti nikuonyeshe hii programu ya kuandikia," aliniambia. "Si kama taipureta."

"Nilianza kupiga chapa ukiwa darasa la tatu," nikamjibu. "Nitaizoea mwenyewe."

Alifunga daftari, akaenda jikoni kuchambua ndengu.

Siku hizo baba mkwe wangu alikuwa anapoteza macho. Alitaka maisha yake yaandikwe, wajukuu wapate kuyasoma: jinsi watu wa ukoo wake walivyoiacha milima ya Kangundo wakati wa njaa, wakashuka kwa miguu hadi Yatta, na jinsi walivyorudi. Kwa siku tatu, kila alasiri, aliketi kando yangu akisimulia, nami nikipiga. Siku ya tatu alinieleza habari za dada yake mdogo, waliyemzika njiani. Alisema hata marehemu mkewe hakuwahi kuyasikia hayo. Sauti yake ilikuwa chini sana. Niliandika kila neno.

Sasa, kwenye taipureta, herufi ikishagonga karatasi imebaki pale. Nilidhani kompyuta ni vivyo hivyo. Kila jioni nilizima skrini tu, nikaiacha mashine ikinguruma chini ya meza. Asubuhi ya siku ya nne stima ikapotea, mashine ikazimika. Iliporudi, niliwasha, nikafungua programu, nikakuta ukurasa mweupe. Nilibonyeza kila kilichobonyezeka. Kisha nikatoka nje, nikasimama peke yangu katikati ya mibuni.

Ningesema siku ile ile, mwanangu, mambo yangeishia hapo. Badala yake niliketi nikayatunga upya kutoka kichwani, na pale nilipokuwa nimesahau nikaziba kwa maneno mazuri mazuri ya ofisini. Jumapili baba mkwe alitembelewa na ndugu yake kutoka Matuu, akaniomba niwasomee. Nikasoma. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono juu ya mkongojo.

"Mama Mwende," alisema nilipofika ukurasa wa pili, "huyo mtu unayemsoma mimi simjui."

Nikamweleza yote pale pale, mbele ya mgeni, machozi yakidondoka kwenye kibodi. Hakunipandishia sauti.

"Kwa maneno kupotea sikulaumu," akasema. "Hiyo mashine ni ngeni kwetu sote. Lakini Nduku alikuja kukufundisha, ukamwona mdogo. Halafu ukaniwekea kinywani maneno ambayo sikuyasema, kwa sababu uliona haya kusema hujui. Hilo ndilo linaniuma."

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa Nduku nikamwomba radhi. Alicheka, akaniambia kwamba hata yeye, alipokuwa chuoni, aliwahi kupoteza kazi ya muhula mzima.

"Ukimaliza aya, unasevu, yaani unahifadhi," akanifundisha. "Ukiinuka kwenda kuangalia sufuria, unasevu." Nikayaandika hayo kwenye daftari, mimi mpiga chapa hodari, kama mtoto wa shule.

Baba mkwe alikubali kusimulia tena. Mengi yalirudi, na wajukuu wake huyasoma hadi leo. Lakini tulipofika katika ile safari ya Yatta, aliinua mkono kunizuia.

"Hayo nilishasema mara moja," akasema. "Endelea mbele."

Niliacha mistari michache mitupu, nikidhani siku moja atayarudia. Aliaga dunia bila kuyataja tena, na mistari ile sijaijaza.

Basi, mwanangu, nimesikia umenunua kompyuta mpya, na kwamba programu zake zinakuchanganya, nawe unahangaika nazo peke yako chumbani. Uliza. Muulize aliye mdogo kwako, na usipoelewa muulize tena, uandike anachokuambia. Hifadhi kazi yako kabla hujainuka kitini. Na ukiharibu kitu cha mtu, mwambie siku hiyo hiyo, kabla hujaanza kutafuta maneno ya kufunikia.

Mungu avipe vidole vyako wepesi na moyo wako utulivu. Akujalie watu wa kukuelekeza bila kukucheka. Na siku mtu asiyejua atakapokuja kwako na swali lake, akupe subira ya kuvuta kiti na kuketi naye.