Jina Ambalo Ramrati Hakulitamka

Ramrati aliolewa akiwa na miaka kumi na sita, akazaa wana wawili, akafiwa na mume, na muda wote huo jina la mumewe halikupita kinywani mwake. Alimwita Baba Harihar, kwa mwana wao wa kwanza. Ndivyo alivyofundwa, na ndivyo alivyomfunda Phulmati, mke wa Bechan, mwanawe mdogo: hutaji jina la mume, la kaka yake mkubwa, wala la baba mkwe. Phulmati alishika. Kwa miaka tisa alijifunika uso kila Harihar alipopita uani, na akiwa na shida naye alimwita Baba Munni, kwa jina la bintiye.

Asubuhi moja ya ukungu Phulmati alikutwa shambani kwenye miwa, kapigwa mundu kichwani. Alifia hospitali siku ya pili. Askari aliyekaa kando ya kitanda alileta karatasi ya maneno yake ya mwisho: “Amenipiga Harihar mwana wa Sukhari.” Wiki ile ile ndugu wale walikuwa wamegombania mpaka wa shamba, na kijiji kizima kilisikia. Harihar akahukumiwa kifungo cha maisha. Bechan akahama, akawa hamsalimii hata mama yake.

Katika kesi ile karani alimwuliza Ramrati jina la mumewe.

“Baba Harihar.”

“Bibi, nataka lake, si la mwanao.”

Ramrati akakaza mtandio kichwani.

“Labda walikuwa wengi, anachagua!” mtu akasema, watu wakaangua kicheko. Mwishowe mwenyekiti wa kijiji aliinuka akalitaja kwa niaba yake. Ramrati alirudi nyumbani akiamini kwamba ukaidi wake ndio uliomponza mwanawe.

Rufaa ilingoja miaka sita. Kila alipokwenda gerezani alibeba dengu za kukaanga na sukari guru, akaketi wima kama mtu wa nyumba yenye heshima, asilie mbele ya walinzi. Hatimaye wakili kijana, Rizvi, alimwita ofisini kwake Allahabad kujaza fomu.

“Jina la marehemu mumeo, Mama?”

“Baba Harihar.”

Rizvi akatabasamu. “Hata sasa, naye amekufa?”

“Kufa kwake kumeniondolea adabu?”

Kalamu ya wakili ikasimama. “Na mkweo, alimwitaje Harihar?”

“Baba Munni.”

“Hata akiwa na hofu? Hata akiwa na maumivu?”

“Siku nyoka alipoingia chumbani mwa Harihar, alipiga mayowe, ‘Baba Munni! Baba Munni!’ Nyoka hakumsahaulisha.”

“Mama! Mbona hukuyasema haya mahakamani?”

“Nani aliniuliza? Na mambo ya uani mwangu niyapeleke mahakamani nikafanye nini?”

Rizvi alifungua kumbukumbu za kesi, akapekua mpaka alipopata mistari miwili. Wa kwanza jaji alikuwa ameandika: shahidi, kwa kufuata mila, hakutamka jina la mumewe. Wa pili ulikuwa wa Bechan mwenyewe, alipohojiwa: “Mke wangu alimwita kaka yangu Baba Munni.”

Siku ya rufaa, mwendesha mashtaka aliinuka kwa kujiamini. “Waheshimiwa, anayekata roho hakumbuki mila.”

“Huenda,” akajibu jaji mzee. “Lakini mwanamke huyu ametaja majina mawili ambayo hakuyataja maisha yake yote, tena kwa mpangilio wa jalada la polisi: fulani mwana wa fulani. Na daktari hakuandika popote kwamba alikuwa na fahamu za kusema.”

Kwenye benchi la nyuma Bechan aliinamisha kichwa. Alikuwa amesomewa karatasi ile mara ngapi? Hakuwahi kujiuliza kama yale yalikuwa maneno ya mkewe au ya polisi.

Hukumu ikatenguliwa. Aliyemwua Phulmati hakujulikana, na hilo Ramrati aliendelea kulililia jikoni, alikokuwa akikanda unga na mkwewe.

Langoni mwa gereza karani alifungua daftari. “Jina la baba wa mfungwa?”

Ramrati akavuta mtandio usoni. Harihar alikuwa bado ndani ya lango la pili. Karani akagonga meza kwa kalamu.

“Bibi, bila jina hatoki mtu.”

“Sukhari,” ikasema sauti nyuma yake. Ramrati hakuhitaji kugeuka. Bechan alisogea mpaka mezani, mkono wake ukiwa begani mwa mama yake. “Andika Sukhari. Ni baba yetu.”