Mshale Mzito, Bega Bovu

Mke wangu alipoacha kula, mwanzoni sikuhangaika. Dawa za hospitali zilimharibu ulimi. Kila kitu, alisema, kina ladha ya msumari. Pilau msumari, chai msumari, hata maembe ya kopo niliyomletea yakawa msumari. Nikajisemea yatapita. Hayakupita. Daktari akamwambia asipokula watasimamisha matibabu, maana mwili hauna nguvu ya kuyabeba. Siku hiyo, kwenye basi la kurudi kwetu Scarborough, pembezoni mwa Toronto, safari ndefu utadhani dereva anatafuta mji mwingine, mke wangu akaegemea kioo akasema, "Labda ningepata nyama ya paa."

Basi, hilo tu. Kasema, kalala. Mimi nikabaki nalo.

Baba yake alikuwa mwindaji huko bara ya Pangani, na yeye amekulia nyama ya porini. Huku Toronto paa wetu hayupo. Yupo binamu yake, mkubwa, mwenye mkia mweupe, na hauzwi buchani. Anayemtaka amwinde. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mkongo, huwinda kwa upinde kila majani yanapoanza kupukutika. Nikamwendea. Nikasoma masomo yao, nikafanya mtihani, nikapata leseni, yote hayo baada ya kushusha makochi kwenye ghala kutwa nzima. Nilichoka, jamani. Nilichoka hata kuongea.

Kikabaki kitu kimoja, kuchagua mshale. Watu wanadhani mshale ni mshale. Aa wapi! Uti unaweza kuwa mwembamba au mnene, ncha nyepesi au nzito, na uzito wote unapimwa kwa punje. Nilipomweleza mke wangu, akafumbua macho.

"Punje za nini? Za mchele au za mtama?"

"Za shayiri nadhani. Kipimo cha zamani."

"Kumbe mnakwenda kumpikia paa uji," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu kiangazi.

Jirani yangu hakuwa na shaka yoyote. "Papa, kamata ile mwepesi," aliniambia. "Inaenda mbio, inaenda sawa. Hii ingine iko muzito sana." Na alisema kweli. Yeye kijana, upinde wake mkali. Mimi bega la kulia limekwisha, limeliwa na makochi ya watu. Fundi wa duka la pinde aliulegeza upinde wangu mpaka kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa na sheria, na hata hapo nikiuvuta nilikuwa nauma meno. Upinde uliolegea ukiupa mshale mzito, mshale unakwenda kivivu, unainama mapema. Itabidi mnyama awe karibu sana, na wewe umekaa pale umegandamana na baridi, unamsubiri ajilete. Mwepesi ungenipunguzia mateso. Nami nilitaka kupunguziwa, wallahi.

Nikaichukua yote miwili nikampelekea nyumbani. Akaiweka viganjani, mmoja huku, mmoja kule, akaipima kama anavyopima samaki sokoni.

"Huu mwepesi ukigonga mfupa?"

"Unaweza kusimama."

"Halafu?"

"Halafu atakimbia nao."

"Aende akafie kichakani, mkamwokote kesho yake. Bwana wee, mimi kibudu sili, hata nikifa."

Hata nikifa: neno ambalo watu hulisema kila siku bila kulifikiria. Nikauchukua ule mzito kutoka kiganjani mwake.

"Na ukiachia, useme bismillahi," aliongeza. "Baba alikuwa anaachia neno na mshale pamoja."

Nikaanza kufanya mazoezi. Kila jioni nilijifunza kulenga juu kidogo ya pale ninapotaka, kwa sababu ya ule uzito. Inua kidogo, inua tena kidogo, achia. Usingizini nilikuwa nainua kidogo. Jumamosi jirani ananichukua kwa gari lake hadi shamba la mzee mmoja aliyeturuhusu kuwinda, nje ya mji, nami napanda ngazi iliyofungwa mtini, nakaa. Jumamosi zikapita. Narudi mikono mitupu, Jumatatu makochi. Nikiingia ndani mke wangu anaangalia begi, anaangalia uso wangu, anageukia ukutani. Hakuwa analalamika. Alikuwa anapungua tu, nguo zinamvaa yeye.

Ikafika asubuhi moja, paa akaja. Dume changa, akila taratibu, akasogea mpaka nikawa nasikia anavyotafuna. Nikavuta. Bega likalia kwaa, nikaona nyota. Inua kidogo. Inua tena kidogo. Nikaachia.

Mshale ule ulimpenya kama hakuna kitu, ukaenda kujichoma ardhini upande wa pili. Akaruka, akakimbia, akasimama kama aliyesahau kitu, akaanguka. Nikashuka ngazi mbiombio, kisu mkononi. Nilipofika alikuwa amekwisha kufa.

"Papa!" jirani alikuja anapiga makofi. "Mushale ya muzito, papa!"

Mimi nimesimama na kisu changu. Je, nilisema? Nikaichambua akili yangu. Nikakuta inua kidogo. Nikakuta inua tena kidogo. Kingine sikukikuta. Mtume! Mtu ninayesema bismillahi nikifungua friji, nikivaa viatu, nikipanda basi! Na ungekuwa ule mshale mwepesi, pengine ningemkuta bado anahema, nikamchinja mwenyewe kwa jina la Mungu, mambo yakaisha. Huu mzito tuliouchagua kwa ajili ya halali haukuniachia nafasi ya pili. Nikakaa chini kwenye majani nikalia. Jirani akadhani ni furaha, akanipiga picha.

Nilimpigia simu shehe wetu tukiwa bado shambani. Akasema aliyesahau hana lawama, nyama ni halali, mleni. Nikamshukuru. Lakini si shehe aliyekuwa hali chakula.

Nilimpikia kesho yake mwenyewe, kwa tangawizi, ndimu na pilipili manga. Harufu ikamfikia kwenye kochi, akajiinua. Nikamwekea sahani mapajani. Hakuigusa.

"Ulisema?"

Ndiyo ni neno fupi. Nililiona pale mdomoni, tayari. Lakini kusema uongo nako kunataka nguvu, na mimi sikuwa nazo.

"Sikumbuki," nikamwambia. "Nilikuwa nawaza kuinua mkono. Shehe amesema..."

"Sijamuuliza shehe."

Akaitazama sahani. Mvuke ukapungua. Nikaona sasa nimemuua mwenyewe, kwa neno moja nililoliacha juu ya mti. Kisha akanitazama, akalitazama bega langu nililolifunga kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Wewe umesahau," akasema. "Mimi je, nimesahau?"

"Hujasahau."

"Haya."

Akasema bismillahi, kwa sauti, akiivuta, kama anayemwita mtoto aliyeko nje. Akatia kipande mdomoni. Akatafuna, akatafuna, macho yangu yako kooni mwake. Kikashuka.

"Si kama ya baba," akasema. "Ya baba ilikuwa na moshi."

"Na msumari?"

"Upo. Kwa mbali."

Akala kimyakimya, kisha akanirudishia sahani. Nikajua ameshindwa, nikaipokea bila kuiangalia ndani.

"Mbona umekaa?" akasema. "Ongeza."

Mkono wa kulia ulikataa kunyanyua upawa. Nikamchotea kwa wa kushoto, namwaga mchuzi juu ya jiko, na yeye huko kochini ananiambia nisimpunje.