Nilipanda Wundanyi kumpeleleza mchumba wa mdogo wangu, nikashuka bila breki

Wakuu, salaam aleikum. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na kovu la kiwiko ninalo bado. Wa kucheka chekeni, lakini someni hadi mwisho.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi walipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikashika kazi. Sasa ni mwaka wa kumi na mbili niko kwenye boda, Mji wa Kale. Wadogo zangu nimewalea mwenyewe. Wa mwisho ni Saumu, mwalimu wa chekechea kule Ganjoni.

Akaja mtu kumposa. Idi, seremala wa Wundanyi, aliyeleta madawati shuleni kwao.

Baba hayupo, kwa hivyo walii ni mimi. Na kwetu posa haijibiwi kwa simu. Walii huenda kwa mposaji kimyakimya, akauliza msikitini, dukani, kwa majirani.

Saumu alishampenda, lakini aliniambia, "Kaka, ukisema la, ni la."

Neno hilo lilinikaa kifuani. Marehemu mama aliniachia usia mmoja juu yake: nisimpe mtu wa kumwaibisha.

Nilitoka na pikipiki yangu baada ya sala ya alfajiri. Mariakani, Maungu, Voi, mimi na malori. Mpaka hapo ni tambarare, unakaa tu. Kupita Mwatate barabara ikaanza kujikunja kupanda, na baridi ikaingia ndani ya kanzu.

(Ndiyo, nilivaa kanzu. Mambo ya posa hayaendewi na jinzi.)

Wundanyi nikaingia mkahawani, nikamwuliza mama wa chai, kama mpita njia, iwapo kuna seremala mzuri hapo.

"Wewe ndiye kaka wa mwalimu," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Kofia, kanzu, na unatetemeka saa sita mchana. Kunywa chai, shemeji. Mwenyewe yuko pale ng'ambo anapiga randa."

Upelelezi ukaishia hapo. Kila niliyemwuliza alimsifu Idi kwa maneno yaleyale, kama watu waliokaa kikao. Sikuridhika.

Idi mwenyewe akavuka kunisalimu, akanialika chakula kwa mjomba wake, chini Mwatate. Tukashuka kila mtu na pikipiki yake. Kabla ya kuwasha akaniambia, "Kaka, huku tunashuka na gia ya pili."

Nikamjibu niko barabarani miaka kumi na miwili.

Sasa wenzangu wa kisiwani mtanielewa. Sisi tukiteremka daraja la Nyali tunatoa gia, chombo kinashuka chenyewe, petroli inabaki. Nikafanya vivyo hivyo.

Kona ya tatu, breki nimezishikilia muda wote, nikasikia harufu ya kuungua. Ya tano nikakanyaga breki, mguu ukazama, pikipiki haina habari. Mbele ni bonde.

Nikaielekeza kwenye ukingo wa udongo, upande wa mlima. Nikaangukia majani. Kiwiko kikachunika, kanzu ikachanika mpaka kiunoni.

Idi alikuwa nyuma yangu, kaona yote. Aliuliza jambo moja tu: "Mguu unakunjika?"

Kisha akainua pikipiki, akaweka jiwe chini ya gurudumu, akakaa kungoja breki zipoe. Akavua jaketi lake refu, akanipa. Gia ya pili hakuitaja tena.

Mwatate, mjomba mtu akanitazama, akacheka. "Mswahili na mlima. Umeanguka mara ngapi, baba?"

Nikainama. Idi akajibu kabla yangu, "Tulisimama kidogo, mjomba. Breki zilipata moto." Akanisogezea maji ya kunawa.

Wakuu, jibu la posa nililipata nikinawa mikono. Mtu akuone umeanguka, akufunike, wala asikutangaze kwa jamaa zake. Huyo naweza kumpa mtoto wa mama.

Niliporudi nyumbani Saumu alikuwa mlangoni. Macho yake yalikuwa kwenye jaketi. Nikalivua, nikampa.

"La watu hili. Utamrudishia mwenyewe, siku ukienda kwako."

Akaingia ndani mbio. Nikamsikia akilia, halafu akicheka.

Nililojifunza: mlimani shuka na gia, petroli utanunua nyingine. Na ukipeleleza mchumba, sifa zake zisikilize, lakini mtazame zaidi siku utakapoaibika mbele yake.

Wenye uzoefu wa milima, nisaidieni. Ukiwa na abiria mzito, ni gia ya pili au ya kwanza? Shangazi yetu kasema siku ya kumpeleka bibi harusi yeye gari hapandi, anakaa nyuma yangu.